Kompyuta Isiyonguruma

Siku ya soko Migori hakuna anayempisha mwenzake, na Bhoke hakuwa na nguvu za kusukumana na mtu. Alikuwa ametoka zamu ya usiku hospitalini Homa Bay, hajalala, sweta ya kijani juu ya sare, kompyuta ameikumbatia ndani ya leso. Mlangoni mwa duka moja la kompyuta mtaa wa Suna akagongana na mwanamume aliyekuwa akitoka. Kompyuta ikaponyoka, yule mwanamume akaidaka.

"Pole, sista. Nimeishika."

"Si ungeiacha tu ivunjike. Ningekushukuru."

Yule mwanamume alikuwa Levis, fundi na mwenye duka, shati la bluu limepigwa pasi vizuri, uso wa mtu anayekula peke yake kila jioni. Alirudi ndani akaiwasha. Feni ikanguruma mpaka mama aliyekuwa akiuza nyanya nje akageuka kutazama.

"Hii ni kompyuta ama ni posho mill ya kusaga unga?" aliuliza Levis.

Bhoke alitaka kucheka, uchovu ukamzuia. Akaeleza. Baba yake, Mzee Mniko, alikuwa ametoka Kehancha kuja kuishi naye, na masikio yake yalikuwa yanaisha. Kulikuwa na video ya harusi ya kaka yake, na marehemu mama yao anaongea humo. Kwa simu sauti ilikuwa ndogo mno, na kwa hii mashine mzee hakusikia kitu ila feni.

"Nataka ndogo ya kukaa kando ya TV, isipige kelele hata kidogo. Amsikie mama kabla masikio hayajaziba kabisa. Basi."

"Atamsikia," alisema Levis. "Niachie namba."

Tangu siku hiyo walikuwa wakipigiana kila jioni kabla Bhoke hajaingia zamu.

"Diski tutaweka ile isiyozunguka," alisema Levis. "Prosesa nayo iwe pole, isiyopata joto. Juu yake bati nene la kupoza, feni hakuna."

"Na ikiungua?"

"Kwa video ya harusi? Haitaungua, jaber. Labda wewe."

"Jaber ni nini?"

"Ni mrembo. Uliza Wajaluo wa wodini kwako."

"Nitawauliza pia kama mafundi wao wote ni waongo hivi."

Akakata simu akitabasamu, akaenda kazini miguu ikimuuma kidogo kuliko jana.

Lakini mashine haikuja. Mara kasha ni finyu, linafungia joto. Mara adapta ina mlio mwembamba, afadhali watafute nyingine. Bhoke aliamini kila neno, kwa sababu Levis alikuwa mtu makini na kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amempenda. Jamani, mtu aliyechoka hudanganyika kirahisi.

Ukweli ni kwamba mashine ilikuwa tayari kitambo. Levis aliiwasha, akaweka sikio juu ya kasha, hakusikia chochote. Akafurahi, halafu akaogopa. Nesi akishachukua mzigo wake, atapiga simu kwa sababu gani? Angeweza kumwambia tu kwamba anampenda. Badala yake akatafuta kasoro nyingine, upumbavu wa wanaume wapole.

Siku moja Bhoke alikuja dukani bila kumwarifu, amevaa gauni la maua, mdomo ameupaka rangi kwa ajili ya Levis. Lakini Levis alikuwa ametoka kwenda kula. Dadake, Scovia, aliyekuwa kwenye kaunta, akamkaribisha na kunyoosha kidole kwenye rafu.

"Wewe ndiye nesi? Hata mimi nashangaa hujachukua. Iliisha zamani, huwa tunaangalia sinema nayo."

Levis aliporudi alimkuta ameshaifunga kwa leso.

"Bhoke, ngoja nikueleze."

"Eleza."

"Niliogopa utaacha kunipigia."

"Nilikuwa nikipiga kwa sababu yako, Levis. Hiyo mashine ilikuwa ya baba."

Akaondoka. Hakushika simu zake tena. Siku kadhaa Levis alivumilia, kisha akafunga duka akaenda Homa Bay, akaulizia mpaka nyumbani kwake.

Bhoke alimfungulia mlango, akampisha. Sebuleni TV ilikuwa inaonyesha harusi. Mashine ilikuwa kando yake, kimya kama jiwe, na sauti ya mama ilisikika safi, hata pumzi yake. Mzee Mniko alikuwa ameinama mbele, mkono nyuma ya sikio.

"Anasema nini?" aliuliza mzee.

Bhoke akapiga magoti, akarudia maneno kwa Kikuria sikioni mwake, kwa sauti kubwa. Kisha akainuka.

"Mashine ilipokuwa rafuni kwako, baba angemsikia mama mwenyewe," alimwambia Levis. "Sasa mpaka mtu arudie maneno sikioni mwake. Nikilala hakuna wa kuyarudia, nisipolala kesho nitampa mgonjwa dawa isiyo yake."

Levis alimtazama mzee, aliyekuwa bado ameweka mkono nyuma ya sikio.

"Nisamehe."

"Sijui kama naweza. Leo hata hasira zimenichosha."

"Basi nifundishe hayo maneno. Ulale."

Bhoke akatafuta ujanja usoni mwake, hakuuona. Akamfundisha. Mama alikuwa amesema, "Mniko, funga kifungo cha shati, wageni wanatuona." Levis alirudia vibaya, akasahihishwa, akarudia tena mpaka Bhoke akaguna kwamba sasa inaeleweka. Kisha akajinyoosha kwenye kochi na viatu vyake miguuni.

Levis akairudisha video nyuma. Mama alipofungua mdomo, akainama kwenye sikio la mzee akayasema yale maneno kwa Kikuria chake kibovu. Mzee Mniko hakumgeukia. Aliinua mkono taratibu, akatafuta kifungo cha shati, akakifunga.

"Tena," alisema mzee.

"Rudia," alisema Bhoke, macho ameyafumba. "Na usiende kabla sijaamka."