Kopo la Njugu na Kakao

Ndugu zangu wa Garissa, na ninyi mlioko Sangailu na Buna, nipeni masikio kidogo. Haya niliyaona mwenyewe, kwa kuwa kibanda changu kilitazamana na cha Jawahir.

Ilikuwa mwaka 1967, wakati wa vita kati ya serikali na waasi waliotaka kujitenga. Tulikuwa tumekusanywa kwa amri katika kijiji cha ulinzi nje ya mji, tukazungushiwa ua wa miiba, na askari langoni. Mifugo yetu mingi ilikuwa imechukuliwa au imekufa. Watoto waliozoea maziwa ya ngamia walikuwa wakinywa chai ya rangi.

Hata hivyo, asubuhi uani kwa Jawahir palikuwa na raha. Zamani aliwahi kumpikia mke wa ofisa mmoja Mzungu, aliyeletewa kutoka kwao makopo ya chokoleti ya kupaka mkate, iliyosagwa na njugu za Ulaya. Jawahir aliionja, akaona imejaa sukari. Akabuni yake. Alikaanga njugu karanga polepole, akapepeta maganda, akazichambua moja moja, kisha akazitwanga na simsim mpaka mafuta yakatoka yenyewe. Akaponda tende, akaongeza chumvi kidogo na vijiko viwili vya unga wa kakao. Sukari hakutia kabisa. Aliipaka kwenye anjera, zile chapati zetu laini za kumimina, akawapa bintiye Nurto, wa miaka sita, na Sugow, mtoto wa pekee wa jirani yetu Saynab. Saynab alikuwa mjane. Sugow alikuwa na miaka mitatu, na chakula hicho ndicho kilichomtia nyama mashavuni.

Mume wa Jawahir aliitwa Yarow. Kabla ya vita alikuwa na ngamia wengi. Sasa hakuwa na hata mbuzi. Simcheki kwa hilo, wanaume wengi walivunjika mwaka ule. Ila yeye alijizika katika miraa. Alitafuna tangu adhuhuri mpaka jioni, na alipoikosa alikuwa mtu wa kugombana na kila kitu.

Mvua zilipoisha, Jawahir alipata habari kuwa mama yake ni mgonjwa. Akapewa kibali cha siku tano kutoka kijijini. Kabla ya kuondoka alimwonyesha mumewe mfuko mweupe na gunia.

"Njugu nzuri ni hizi za mfuko mweupe," alimwambia. "Kopo likiisha, Maryan atakutwangia. Zile za gunia zilinyeshewa, zimeota ukungu. Usiziguse. Nikirudi nitazifukia."

"Nimesikia," Yarow alijibu.

Maryan ni mimi. Sikuitwa kutwanga hata mara moja, wala sikwenda kuuliza. Hilo nalo linaniuma.

Siku tano zikapita. Barabara ikafungwa kwa sababu ya mapigano, Jawahir akakwama huko. Mfuko mweupe Yarow alikuwa ameshaubadilisha kwa miraa siku ya pili. Kopo lilipoisha, Nurto akalia njaa. Baba yake akafungua gunia. Alikaanga zile njugu mpaka zikawa nyeusi, akazitwanga, na kwa kuwa zilikuwa chungu akamimina sukari yote iliyokuwamo nyumbani pamoja na kakao iliyobaki.

"Aabo, yako ni tamu kuliko ya mama," Nurto alimwambia baba yake.

Walikula siku tisa, yeye na Sugow.

Sugow ndiye aliyeanza kutapika. Saynab alimbeba mgongoni akaja mpaka mlangoni kwa Yarow. Nilikuwa nimesimama kando yake.

"Baba Nurto, mwanangu hapokei hata maji. Umewapa nini watoto?"

Yarow alitazama chini. "Kile kile cha siku zote. Alichoacha mama Nurto."

Tukadhani ni homa. Tukamkanda, tukamsomea Kurani, tukamnywesha maji ya majani. Siku tatu zilipotea hivyo. Nurto naye akaugua, tumbo likamvimba.

Jawahir alirudi siku ya nne. Alimfunua bintiye macho, akayakuta ya manjano. Alichukua kopo, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Yarow, mfuko mweupe uko wapi?"

Yarow akageukia mlango.

"Nakuuliza mbele ya mtoto wako. Uko wapi?"

"Nilidhani moto utaua ule ukungu," Yarow alisema.

Tulikimbia na watoto mpaka langoni. Askari alitaka kibali, na mwenye kukiandika alikuwa doria. Tulikaa juani, Saynab akimpepea Sugow kwa mtandio, Jawahir akiwasihi askari kwa Kiswahili chote alichokijua. Kibali kilipatikana alasiri. Sugow alikata roho mikononi mwa mama yake kabla hatujafika mjini.

Hospitalini daktari aliuliza watoto walikula nini. Safari hii Yarow alisema yote.

"Laiti ningejua siku ya kwanza," daktari alisema. "Wangeacha kukila chakula hicho. Huenda wote wawili wangepona."

Nurto alilazwa wiki tano, akapona, ingawa alibaki dhaifu. Yarow aliacha miraa siku ile ile. Baada ya maziko alikwenda kwa Saynab, akakaa chini mavumbini, akaomba msamaha.

"Njaa tulikuwa nayo wote, sikulaumu kwa njaa," Saynab alimwambia. "Lakini nilikuja mlangoni kwako mwanangu akiwa hai. Nilikuuliza, ukanidanganya."

Kisha akaingia ndani. Mpaka vijiji vile vilipovunjwa na kila mtu akaenda zake, hawakuzungumza tena.

FUNZO

Wazazi wenzangu, chakula kilichoota ukungu ni sumu. Moto hauiondoi, wala sukari na kakao haziiondoi. Utamu huficha tu uchungu ambao ungewafanya watoto wakiteme. Chambueni njugu zenu, zianikeni zikauke, zilizoharibika zifukieni. Msikubali miraa wala starehe yoyote iwanyang'anye watoto wenu chakula. Na ukikosea, sema saa ile ile, hata kama aibu inakuunguza. Kosa la Yarow liliwaumiza watoto. Uongo wake ulituibia siku tatu, na Sugow hakuwa na siku nyingine.