Waya Mnene Kwenye Ampli ya Jafari

Jafari alileta kikwembe nyumbani bila kugombana na mtu, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Mwanaume wa mji wa Baraka anayemletea mkewe kikwembe siku ya kawaida, tena cha maua mekundu, yadi sita nzima, ana lake moyoni. Asha, mkewe Jafari, alijua hivyo. Lakini kitambaa kilikuwa kizuri jamani! Akakipokea kwa mikono miwili, akasema aksanti, na siku ya tatu fundi wa kushona alishakigeuza blauzi na sketi.

Pamoja na kikwembe ulikuja waya. Mweusi, mnene kama mkia wa ng'ombe wa Minembwe, wa kuchomeka ampli ya muziki kwenye umeme. Jafari akautupa ule mwembamba wa zamani chini ya kiti, akawasha muziki saa sita mchana, jua likiwa kali juu ya panno ya sola kwenye bati, akafumba macho.

"Unasikia, mama Sumaya? Unasikia vile besi inashuka?"

"Nasikia muziki ile ile ya jana."

"We hauna masikio."

Miaka tisa anamfulia suruali, leo hana masikio! Tangu siku hiyo Jafari hakuondoka mbele ya bafle, lile sanduku la spika. Kazi yake ya boti akaiacha, chakula kikapoa, kitanda kikabaki cha Asha peke yake. Bwana alilala sebuleni, shavu kwenye bafle, akinuka karafuu na marashi ambayo hakuna aliyeyanunua nyumbani mule. Asha akadhani ni Arlette, muuza sabuni, akaenda kumtukana mbele ya soko zima. Akarudi na hasira yake vilevile, maana Arlette alinuka sabuni tu.

Mwisho akamwita Placide, fundi wa radio wa mtaa. Placide alicheka mpaka akakaa chini.

"Jafari, umeme inatoka kwa panno, inapita kwa batri, inatembea mu kawaya kadogo toka juu ya bati mpaka huku. Sasa hii metre moja ya mwisho njo itaifundisha kuimba?"

"Inaifundisha!"

"Basi geuzeni mugongo, tuone."

Wakatundika shuka. Placide akakaa nyuma yake na nyaya zote mbili. Mume na mke wakatazama ukuta. Mara sita alibadilisha, au akajifanya kubadilisha. Jafari alikosea mara nne, jasho likimtoka. Asha alipata zote sita.

"Shemeji, ni masikio gani hayo!" Placide akapiga makofi. "Unajuaje?"

Asha alibaki akiukodolea macho ukuta. Muziki haukuwa umebadilika hata chembe. Ila kila waya mnene ulipochomekwa, chini ya gitaa, chini ya ngoma, palikuwa na mwanamke anayepumua taratibu kama mtu aliyelala kwenye kitanda chake mwenyewe, na mara ya pili pumzi ikawa kicheko, na mara ya mwisho kicheko kikawa maneno, ya chini, ya moto, yenye harufu ya karafuu, yakimwingia yeye peke yake sikioni bila haraka yoyote: "Asha, mbona unaninunia? Si ulipokea kikwembe yangu? Si ulivaa?"

Akageuka, akamkamata mumewe ukosi wa shati.

"Hii kikwembe, nani alikupa?"

Jafari akanong'ona. "Mama moja, pale bandarini. Alisema waya ni ya mi, kikwembe ni ya bibi yangu. Apokee kwanza."

"Na miguu yake? Ya mutu, ama kwato?"

"Sikuangalia miguu."

"Mupumbavu we! Bwana akitaka kuoa wa pili, wa kwanza analetewa kikwembe. Akipokea, amekubali! Umeoa, Jafari! Na mi njo nimekuozesha!"

Hakungoja mwalimu wa dua wala kombe la kunywa. Aling'oa waya kwa mikono mitupu, akavua blauzi na sketi za kikwembe palepale, Placide akikimbilia nje huku amejifunika uso, akajifunga lile shuka, akafungasha waya ndani ya nguo pamoja na jiwe la kusagia, akashuka ziwani mchana kweupe akitukana njia nzima. Akaingia hadi kiunoni.

"Chukua kikwembe yako! Sikubali! Katafute bwana huko kwenu kwa masamaki!"

Maji yakatoa povu, yakanuka karafuu, yakanyamaza.

Jafari akarudi chumbani. Akarudi kwenye boti, akala ugali kama mtu. Waya mwembamba ukarudishwa mahali pake, na Placide akasema kwa kila mteja kwamba sauti ni ile ile.

Wiki ya tatu, jua likiwa utosini, Asha alimkuta binti yake Sumaya, wa miaka mitano, amekaa mbele ya ampli, sikio kwenye bafle, anacheka. Asha akatazama ukutani, akatazama tena. Waya haukuwa umechomekwa popote. Kichwani mtoto alikuwa amefunga kilemba kidogo cha maua mekundu.

"Sumaya! Hiyo ulitoa wapi?"

"Fundi wa kushona alinipa, kipande ilibakia." Mtoto akaweka kidole mdomoni. "Usipige makelele, mama. Mama mudogo wa mu bafle anasema we ulirudisha yako. Mi nilipokea."