Dengelua ya Posa

Siku ya soko, Eliwaza alikuwa anapita stesheni ya Same, kikapu cha maharage kichwani, amevaa gauni la maua alilolishona mwenyewe. Treni ya Tanga ilikuwa imewasili. Kijana mwenye kaputula ya kaki iliyonyooshwa na kamera shingoni akasimama mbele yake.

"Dada, usiondoke. Nakutafuta tangu Korogwe."

"Hata jina langu hulijui."

"Ndiyo maana nimechelewa."

Eliwaza akacheka. Binti akishacheka, nusu ya njia imekwisha.

Kijana huyo, Reginald, alikuwa anatengeneza sinema ya mapenzi ya kuchekesha, kwa fedha zake za kudunduliza. Msaidizi hakuwa naye. Aliiacha kamera ijiendeshe, kisha akakimbia kusimama mbele yake awe bwana harusi. Bibi harusi akawa Eliwaza. Wiki tatu alimwita malaika wangu, kamera ikizunguka, na hata ikiwa imefungwa begini.

Ilipofika sehemu ya posa, baba yake Eliwaza, Mzee Asheri, aliyeigiza baba wa bibi harusi, alikataa kunywa maji badala ya pombe. Alisema Mpare hatii maji kwenye kibuyu cha posa. Ikapikwa dengelua ya kweli, pombe ya miwa. Akanywa, akampa binti.

Mama yake, Eliakunda, akamvuta Eliwaza jikoni. "Mwanangu, baba yako ameshakunywa, umeshaposwa. Huyo kijana anajua amefanya nini?"

"Anajua, mama. Ananipenda."

Hakuwa amemwuliza Reginald.

Reginald akaondoka na mikebe yake ya filamu na kile kibuyu, akaahidi barua. Haikuja hata moja. Kijana mwingine, Eliufoo wa Msangeni, alipotuma washenga, Mzee Asheri aliwarudisha: dengelua ya binti huyu imeshanywewa. Eliufoo akaoa kwingine.

Mwaka ulipopita, Reginald akarudi. Jioni alitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala, Same nzima ikajaa. Picha haikuwa na sauti, akawa anasimulia mwenyewe. Kilemba cha bibi harusi kilionekana nje ya mlango, ndani hakipo. Na bwana harusi kila mara aliingia mbio, anahema, watu wakashika mbavu. Lakini milima ilipendeza, na uso wa Eliwaza ulipotokea, hata wazee walinyamaza.

Ndipo ikaja dengelua. Eliwaza alijiona akimtazama Reginald. Reginald hakumtazama yeye wala baba. Alikuwa anaangalia kamera, kuona kama bado inazunguka.

Watu walipotawanyika, Reginald akamfuata, uso umejaa furaha. "Niambie kweli, malaika wangu. Uzuri wake nini, na kasoro yake nini?"

"Uzuri wake, tumecheka."

"Na kasoro?"

"Ulikuwa unaigiza peke yako."

Akamweleza kibuyu kile kilikuwa nini. Reginald akavua kofia. Alisema hakujua, na kwamba Tanga ana mke tangu Pasaka.

"Basi kesho upande mlimani kwetu," Eliwaza akasema, "ukirudishe kibuyu kwa baba. Umwambie hayo mwenyewe."

Akapanda. Mzee Asheri alikipokea kibuyu, akakiinamisha kifudifudi kizingitini, ishara kwamba posa imevunjika. Reginald aliposhuka mlima, safari hii alikwenda polepole, na hakuna aliyecheka.