Gugu Lisilotambuliwa

Rafiki yangu seremala aling'oa mboga za mama yake na kupanda nyasi za mapambo, mama akiwa hospitali.

"Unanimwagilia mboga zangu, baba?" mama alimuuliza mwanawe kutoka kitandani.

"Kila jioni, mama."

Mama alifariki akiamini hivyo.

Kisha katikati ya nyasi likachipua gugu geni. Bwana shamba alikagua jani alilopelekewa, akalitia kwenye bahasha, akaigonga mhuri, akasema, "Bila mzizi, ofisi hailitambui."

Jioni rafiki yangu akaenda kuling'oa, umeme umekatika. Gizani akasikia maji yakimwagwa taratibu, yakisita kama mtu anayenyoosha mgongo, kisha yakiendelea. Aliita, maji yakakoma. Akapapasa nyasi: kavu kote, isipokuwa penye gugu. Kando yake lilisimama kopo la mama la kumwagilia, ambalo rafiki yangu mwenyewe alikuwa amelifungia stoo. Mpini ulikuwa na joto la kiganja.