Mlio Nyuma ya Fundi

Rafiki yangu fundi baiskeli si mtu wa porojo, ndiyo maana kisa chake kinaninyima raha. Hamrudishii mteja baiskeli kabla ya kuijaribu kwenye njia ya changarawe inayopanda msituni, kati ya majabali ya mchanga, ambako magari hayafiki.

Jioni ile, akiwa katikati ya mlima, alisikia nyuma yake tik-tik-tik, mlio wa gurudumu la mtu aliyeacha kukanyaga pedali.

"Pita, ndugu yangu," akasema, akisogea pembeni.

Hakupita mtu. Chini ya miti giza lilishaingia. Alipoendelea kupanda, mlio ukamfuata, na hapo mwili ukamsisimka: kwenye mlima mkali vile, ukiacha kukanyaga, baiskeli inasimama.

Akageuza. Njia ilikuwa tupu. Akashuka akikanyaga mfululizo ili gurudumu lake mwenyewe lisilie, lakini mlio haukukoma mpaka nyumbani.

Mkewe alimfungulia. Fundi akaingiza baiskeli, ila mke hakufunga mlango. Alijibana ukutani, kama anayempisha mtu mwenye mzigo.

"Karibu, shemeji," akasema, ndipo akafunga.