Mchumba wa Uani

Kosa lilianzia kwenye kiti. Paskalia alitoka jikoni na kikombe cha chai, akakuta kiti cha kamba cha uani kimegeuzwa, mgongo kwa nyumba na uso kwa ukuta, kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Akakirudisha kilivyokuwa, akakaa, akaandika. Kesho yake jua lilipofika utosini, kiti kilikuwa kimegeukia ukuta tena.

"Noela, nani anachezea kiti changu?"

"Labda mbuzi wa jirani," binti yake alijibu kutoka sebuleni, bila kuacha kuchapa kwenye kompyuta.

"Mbuzi wa jirani siku hizi anakalia viti?"

"Mama, mtunzi ni wewe. Tunga."

Na kutunga ndiko kulikoilisha nyumba ile ya Ushirombo tangu Paskalia, mjane, alipostaafu kufundisha historia. Aliandika riwaya za mapenzi za zama za misafara: wabeba pembe, mabinti wa watemi, na mahaba yanayokatizwa ama na homa ama na Wajerumani. Yeye aliandika kwa kalamu, Noela akachapa. Vitabu vilisomwa mpaka machimboni Geita, ambako mama lishe waliwasomea wachimbaji kwa sauti huku maharage yakichemka, na inasemekana wanaume wanaolala na baruti chini ya mto walikuwa wakigeuza nyuso pembeni, wakisingizia moshi.

Alikuwa na namna yake ya kupata majina. Jina la kubuni, alisema, linanuka rangi mbichi. Kwa hiyo kila alipoanza kitabu alikwenda kwenye makaburi ya zamani ya misheni, akatembea kati ya misalaba akisoma, akachukua jina lililomkaa mdomoni. Alijua kwao jina la marehemu halichukuliwi hivihivi. Mtoto akipewa jina la babu, babu huambiwa kwanza. Hunyunyiziwa maji ya unga, hukaribishwa nyumbani. Lakini huyo ni mtoto, Paskalia alijiambia. Mhusika wa riwaya hanyonyi wala halii.

Shujaa wake mkubwa, Lugendo, hakumpata hata ndani ya ua wa makaburi. Alimpata nje, kwenye jiwe moja pweke lililozamishwa kwenye majani, limechongwa jina hilo tu: hakuna msalaba, hakuna mwaka. Akampenda papo hapo. Akampa urefu, mwanya, kikuku cha shaba mguuni, na harufu ya asali iliyopitiwa na moshi. Mchumba wa Lugendo ndiye aliyemshinda kumpa jina, kwa kuwa kila mwanamke aliyezikwa pale aliitwa Maria, na Maria hawezi kutoroka na mbeba pembe. Basi akamwacha bila jina. Kitabu kiliishia Lugendo akiapa uani, mbele ya mama wa msichana, kwamba atarudi kumwoa binti wa nyumba hii. Ukurasa huo Paskalia aliuandikia uani kwake, kwenye kiti cha kamba.

Kitabu kilipotoka, kiti kikaanza kugeuka.

Baada ya kiti ikaja sauti. Mchana, majirani wakiwa wamejilaza na kuku wamekimbilia kivulini, Paskalia alisikia uani mlio mdogo wa shaba ikigonga shaba, ukanyamaza, ukagonga tena, kama mtu anayebadilisha mguu kwa sababu amesimama muda mrefu. Baada ya sauti ikaja harufu.

"Mama, umenunua asali?" Noela aliuliza, akiinua pua, akitabasamu.

"Sijanunua."

"Inanukia vizuri. Kama imeungua kidogo."

Paskalia alikwenda dirishani, akasogeza pazia kwa kidole kimoja, na pale kwenye kiti chake, mbele ya ukuta wake mwenyewe wa matofali ambao aliujua ufa kwa ufa, alikuwa ameketi mwanamume aliyempa mgongo, mgongo mpana uliong'aa kama mninga uliopigwa mafuta, na kovu refu begani lililopinda kama mto wa masika, na yeye akajikuta hapigi kelele bali anakumbuka, maana mninga uliopigwa mafuta yalikuwa maneno yake, ukurasa wa tatu, na mto wa masika nao ulikuwa wake, alikuwa ameufuta mara mbili akaurudisha. Alimtambua kwa vivumishi vyake mwenyewe. Mtu yule akainama kidogo, kama aliyehisi kutazamwa, akazidi kuuelekea ukuta. Paskalia alipofumba macho na kufumbua, kiti kilikuwa kitupu.

Hakumwambia mtu. Alijiambia ni presha.

Aliyemthibitishia kwamba si presha alikuwa serikali. Bwana Theonest, Afisa Utamaduni, alifika mchana mmoja na bahasha ya kaki iliyokuwa na mihuri mingi kuliko maneno.

"Shikamoo, Mama Noela."

"Marahaba. Karibu."

"Nimekuletea cheti cha kutambua mchango wako. Jina wamekosea kidogo, wameandika Bwana Paskali, lakini sahihi ni halali." Akakohoa. "Halafu kuna agizo. Huyu Lugendo wako anaua tembo."

"Ni mbeba pembe, Bwana Theonest. Wakati wa misafara."

"Naelewa. Lakini ofisi inauliza: hawezi kupanda miti?"

"Wakati ule?"

"Mti hauna wakati, mama. Aya moja tu." Akakunja mguu, akaelekeza kidevu dirishani. "Na yule kijana pale uani ni nani? Nimepita namsalimu, hageuki. Amenijibu Kisukuma cha zamani, kile cha bibi yangu, huku anatazama ukuta. Nimemwambia bwana, mimi ni ofisa. Wala."

Paskalia aliweka kikombe mezani.

"Ni fundi," alisema.

"Fundi gani anafanya kazi amekaa?" Theonest alisema kwa huzuni ya mtu anayewafahamu mafundi, akaenda zake.

Kesho yake Paskalia alipanda gari la Runzewe kumwona mganga aliyeitwa Mbuke, mwanamke wa makamo aliyefanya kazi nyuma ya duka la pampu za maji. Ukutani alikuwa ametundika kibali cha tiba asili kilichokwisha muda, na kabla ya kumpa mgeni kigoda aliuliza kama amekuja na barua ya mwenyekiti wa kitongoji.

"Sina."

"Basi tutasema umekuja kununua pampu. Eleza."

Paskalia akaeleza yote: jiwe, jina, kikuku, asali, na kile kiapo alichokiandikia uani kwake. Mbuke alisikiliza akisugua mikono kwa majivu.

"Jiwe lilikuwa nje ya ua?"

"Nje."

"Basi pale hakuzikwa mtu, mwalimu. Watu wa misafara wakifuatwa na jini njiani, walichonga jina lake jiweni wakamwacha nalo, wakaondoka bila kulitaja. Wewe umekwenda kumchukua. Umempa mwili. Sasa kila anayesoma anamwita. Hata wachimbaji, watu wasioogopa baruti, shimoni hawaitani majina ya kweli. Wewe umeyapeleka kiwandani yakachapwe."

"Mtoe."

"Anatolewa aliyejiingiza. Huyu amekaribishwa. Akikuona anafanyaje?"

"Ananipa mgongo. Nikisogea, anainama, anageukia ukuta zaidi. Nilidhani ana haya."

Mikono ya mganga ikasimama kwenye majivu.

"Mwalimu. Mwanamume gani hamtazami mwanamke usoni, hapiti mbele yake, anakaa uani asiingie ndani?"

Paskalia alijua jibu kama anavyolijua kila mtu aliyelelewa na Wasukuma. Alilijua kabla swali halijaisha. Mdomo ndio uliokataa.

"Mkwe," Mbuke akalisema kwa niaba yake, taratibu. "Una binti?"

Maelekezo yalikuwa machache na hayakuhitaji muhuri. Kwa kuwa aliapa mbele ya mama wa binti, ana haki ya kudai. Lakini mpaka harusi ifike, yeye ni mchumba tu, na mchumba anakaa uani, hamgusi mtu. Kwa hiyo harusi isifike. "Ukimwua kitabuni, unamvua mwili akatafute mwingine. Ukinyamaza, ataona umemdharau. Andika. Mcheleweshe. Na bibi harusi asipate jina, kamwe. Binti yako mpeleke mbali, usimwambie kwa nini. Akijua anaitwa, moyo wake utaitika."

"Mpaka lini?"

"Wewe ndiye unayejua kitabu kinaisha lini." Mbuke akamsindikiza mpaka mlangoni. "Na siku akikusalimu, usiitikie. Salamu ya mkwe ukiipokea, umempokea mwenyewe."

Noela alipelekwa Chato kwa mama yake mdogo Rhoda, kwa kisingizio kwamba hewa ya ziwa itamfaa kifua.

"Kifua changu kina nini?"

"Bado hakina. Ndiyo maana."

Akaondoka na kompyuta yake, amenuna, na kazi ya kuchapa ikaendelea kwa simu: Paskalia anapiga picha kurasa, Noela anachapa, anatuma kwa mchapishaji Mwanza. Na Paskalia akaandika kama mtu anayekimbizwa, maana alikuwa anakimbizwa. Kitabu cha pili akamtia Lugendo homa. Cha tatu akampoteza porini. Cha nne akamfunga gerezani kwa Wajerumani, akampa hata adhabu ya kupanda miti, na Bwana Theonest akaandika barua ya pongezi. Wasomaji walichanganyikiwa kwa furaha. Mchapishaji alisema hajawahi kuona mwandishi mwenye bidii namna ile katika umri ule.

Hakuna aliyeona bidii ile inakofanyikia. Kila mchana Paskalia aliketi mezani dirishani, kalamu mkononi, na upande wa pili wa pazia kikuku kikasubiri naye. Akiandika mfululizo kilinyamaza, akipumzisha mkono kiligonga, na akipitisha siku nzima bila ukurasa harufu ya asali ilizidi mpaka chakula chote kikawa kitamu cha kutapisha, mpaka mashuka, mpaka maji ya kunywa, naye akaacha kwenda kanisani, akaacha kwenda misibani, jambo ambalo Ushirombo halisameheki, akaacha kwenda hata Chato kumwona mwanawe kwa kuogopa asije akafuatwa, akabaki yeye na ukuta na ule mgongo mpana aliouchonga kwa maneno yake, wakiwa wamefungwa pamoja kwenye sentensi ambayo asingethubutu kuiwekea nukta. Vidole vilianza kukakamaa. Mwandiko ukatambaa kama mchwa.

"Mama, siusomi tena mwandiko wako," Noela alisema kwenye simu. "Unaumwa?"

"Nimechoka tu."

"Basi waoane, umalize upumzike. Watu wamengoja mno."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Noela, nimesema hapana."

Akakata simu, akarudi mezani.

Ikapita miezi. Mchana mmoja wa kiangazi aliinua kichwa akagundua hasikii kitu. Alinusa: vumbi na samli ya jirani tu. Akasogeza pazia. Kiti cha kamba kilikuwa kitupu, na kilikuwa kimegeukia nyumba, kama kilivyokuwa enzi za marehemu mumewe.

Akatoka uani. Hakukumbuka mara ya mwisho kukanyaga pale. Akakishika kiti, kikawa cha baridi, akakaa, jua likampiga usoni, akacheka peke yake mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuona kuna nini. Amechoka kungoja, alijiambia. Hata majini huchoka.

Simu ikaita. Noela.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilimtoka nyepesi kama ya msichana. "Nilikuwa nakuwaza. Nakuja Chato."

"Njoo. Nami nina habari, usikasirike." Noela alikuwa anatabasamu, ilisikika. "Nimekumalizia kitabu. Mwandiko ulinishinda, nikaona mama anateseka bure. Sura ya mwisho nimeiandika mwenyewe, mchapishaji ameipenda, ameiweka kwenye kundi la wasomaji asubuhi hii. Wote wanalia. Harusi ni nzuri, mama, ungeiona."

Jua lilikuwa palepale utosini. Paskalia aliona kivuli chake kidogo miguuni, na kivuli cha kiti.

"Bibi harusi," alisema. "Umemwita nani?"

"Hilo lilinisumbua. Watu wamechoka na 'yule binti'. Nikafikiri, mama ametunga yote haya, angalau mtoto wake awemo." Akacheka kidogo, kwa haya. "Nimeweka jina langu."

"Noela. Toka hapo nyumbani. Nenda kwa watu, nenda sokoni, sasa hivi."

"Kwani kuna nini? Ngoja kidogo, kuna mgeni." Simu ikasogea mbali na mdomo. Paskalia alisikia mlango, alisikia kuku wakitawanyika, na chini ya hayo yote akasikia shaba ikigonga shaba, si kwa subira tena, bali kwa mwendo wa mtu anayetembea. "Karibu," Noela alimwambia mtu. Kisha akanong'ona kwenye simu, akiwa na kicheko kooni: "Mama, ni kaka mmoja hivi. Mrefu. Amesimama ananitazama usoni tu, ana mwanya. Na ananukia... Anasema anakujua. Anataka akusalimu."

"Usimpe simu. Noela, usimpe..."

Pumzi nyingine ikaja sikioni, ya taratibu, ya mtu mwenye adabu. Sauti ilikuwa ileile aliyompa katika sura ya kwanza, nzito, yenye mkwaruzo kidogo.

"Shikamoo, mama."

Miaka yote ile ya kusimama mbele ya darasa, madawati yakisukumwa na watoto wakiinuka kwa pamoja, na ya sokoni, na ya njiani, tangu alipokuwa mtu wa kuamkiwa, ilikwisha kuufundisha ulimi wake jambo moja usilolingojea ruhusa.

"Marahaba," Paskalia alisema.