Maana ya Marudio

Kila jioni baada ya shule, msichana aliyeitwa Karasha alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, daftari mapajani. Jina hilo alipewa darasani kwa jinsi alivyotafuna njugu, kama mashine ya kusaga mawe. Mama yake aliosha mchanga machimboni, na huku akitikisa karai alimtajia bintiye maneno ya kazi.

"Andika mbale, jiwe lenye dhahabu ndani. Andika matimba, magogo yanayozuia shimo lisiporomoke."

Mama hakungoja mtu. Kwa hiyo Karasha aliandika neno tu, maana yake akaichora, akijiambia ataiandika baadaye.

Mwalimu wa sayansi alikuwa ametangaza kwamba orodha bora ya maneno ya uchimbaji ingeandikwa ukutani kwa rangi, pamoja na jina la mwanafunzi na la aliyemfundisha. Mama alikuwa ameachia shule darasa la tatu.

"Jina langu, ukutani?" alicheka. "Basi siku hiyo nitanawa miguu nije kulitazama."

Karasha akamwahidi.

Zikiwa zimebaki siku mbili orodha zisomwe darasani, rafiki yake wa dawati moja aliliazima daftari. Shule nzima ilimwita Pacha, maana wawili hao hawakuachana. Alikuwa binti wa fundi cherehani, na machimbo aliyajua kwa kuyaona barabarani tu. Kesho yake alikuja kichwa chini.

"Nisamehe, mwenzangu. Limetumbukia kwenye maji, limeharibika lote."

Karasha alilia, lakini alimwamini. Angeachaje kumwamini Pacha?

Siku ilipofika, Karasha aliingia darasani mikono mitupu. Pacha akasimama na karatasi safi, akasoma: mbale, matimba, karai. Maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule. Bora angeibiwa na mtu asiyemjua.

"Marudio," Pacha aliendelea kwa madaha. "Haya ni masomo ambayo mchimbaji huyasoma tena ili asisahau."

Darasa zima likaangua kicheko, maana nusu yao mama zao waliosha marudio. Karasha peke yake hakucheka. Alikumbuka picha aliyoichora: rundo la mchanga na mshale uliopinda kurudi kwenye karai.

"Maneno haya umeyatoa wapi?" mwalimu aliuliza.

Pacha aliinamia sakafu. "Kwenye daftari la Karasha. Halikulowa, liko nyumbani. Nilitaka na mimi jina langu lionekane."

"Ungeniambia, tungeandika majina yetu sote," Karasha alisema.

Wiki iliyofuata maneno ya daftari la Karasha yaliandikwa ukutani, na chini yake majina mawili, la Karasha na la mama yake. Mama alikuja miguu ikiwa safi, akalisoma jina lake herufi kwa herufi, kisha akalisoma tena. Pacha, aliyepewa kazi ya kushika kopo la rangi, akamwendea kumwomba radhi.

"Mwanangu," mama alimwambia, "marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa ukatupwa. Tunaurudia kwa sababu huenda kuna kilichobaki. Umemwibia mwenzako, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba ulimtazama usoni ukamdanganya. Kama atakurudia au la, hilo ni lake, simlazimishi. Wewe kuanzia leo sema kweli hata kabla hujaulizwa, ili siku akirudi, akute kitu."